Lafudhi Kizimbani: Rai Isiyopendwa Juu ya "Vioja Mahakamani" na "Vitimbi"

Utangulizi

Hapana shaka kwamba katika historia ya televisheni nchini Kenya ni michezo michache iliyopendwa na watu wa rika zote kama "Vioja Mahakamani" na "Vitimbi". Yote miwili ilianza kuonyeshwa enzi za Sauti ya Kenya, idara ya serikali ambayo mwaka 1989 iligeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, na yote miwili ilidumu kwa miongo kadhaa. Watoto waliokuwa wakiitazama wakiwa wamekaa sakafuni mwa jirani mwenye televisheni leo ni wazazi, na baadhi yao ni wahadhiri.

Kuhusu michezo hii pana maoni mawili yaliyoenea. Watazamaji wengi hushikilia kwamba ni kioo cha taifa: kila kabila limo, kila kabila linachekwa, na kwa hiyo hakuna anayeonewa. Kwa upande mwingine, wako walimu na wapenzi wa Kiswahili wanaolalamika kwamba michezo hii huiharibu lugha, kwa kuwa mwanafunzi husikia shuleni matamshi ya namna moja na jioni akasikia mengine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maoni yote mawili yana kasoro moja. Kila upande huichukulia lafudhi isikikayo mchezoni kuwa ni usemi halisi wa jamii fulani, hali ni ufundi wa mwigizaji. Ufundi huo ukishatambuliwa, swali la kuulizwa hubadilika: katika michezo hii, ni nani apewaye lafudhi, na ni nani aachwaye bila lafudhi?

Lafudhi kama Kinyago

Mfano ulio wazi zaidi ni wa marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015. Kwa miaka mingi aliigiza Mzee Ojwang', bwana mkali wa maneno, mume wa Mama Kayai. Jina la mhusika ni la Kijaluo na matamshi yake ya Kiswahili yalikuwa ya Mjaluo. Mwigizaji mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Watazamaji wasiohesabika hawakuijua habari hiyo, na hata walipoijua hawakuisadiki kwa wepesi.

Jambo hili lina uzito kwa mwanaisimu. Mkikuyu anapozungumza Kiswahili kwa athari ya lugha yake ya kwanza hatazamiwi kutamka kama Mjaluo. Wanjau alilazimika kuziacha kando athari zake mwenyewe na kuzishika za mwingine, tena kwa kanuni isiyoyumba, mwaka baada ya mwaka. Huo ni usikivu wa hali ya juu. Kwa maana hii aliendeleza kazi ya fanani wa ngano, ambaye huibana sauti aigizapo sungura na kuikoroma aigizapo fisi. Hakuna msikilizaji wa ngano alalamikaye kwamba fanani ameharibu lugha kwa kuwa fisi wake hutamka vibaya.

Je, Lugha Imeharibiwa?

Hata tukiiacha hoja ya sanaa, malalamiko ya walimu hayana msingi imara kiisimu. Kijaluo hakina kikwamizo /sh/, na hivyo "shamba" huwa "samba" na "shida" huwa "sida". Katika Kikuyu, vipasuo ghuna hutanguliwa na nazali, na hivyo "baba" huwa "mbaba" na "dada" huwa "ndada". Aidha Mkikuyu aweza kusema "rara" palipo "lala". Katika lugha za Kikalenjin, tofauti ya ughuna haitenganishi maana za maneno, na hivyo "baba" aweza kusikika kama "papa". Haya si makosa ya ovyoovyo. Kila badiliko lina sababu yake katika mfumo wa sauti wa lugha ya kwanza, na aliyesoma fonolojia aweza kulitabiri kabla hajalisikia.

La muhimu zaidi ni kwamba mabadiliko haya huigusa sauti na kuiacha sarufi salama. Mhusika asemapo "samba langu limeuzwa", upatanisho wa ngeli umekamilika: "langu" na "li-" vimekaa pahali pake. Hata "ngari rako" limefuata upatanisho uleule wa "gari lako", ila sauti tu ndizo zilizogeuka.

Sasa na ulinganishwe usemi huu na ule wa Mkenya aliyesoma, mwenye matamshi safi, asemaye "shamba yangu imeuzwa" au "gari yako iko wapi". Sauti zote zimetamkwa kama vitabu vitakavyo, lakini upatanisho wa ngeli umevunjwa. Usemi wa namna hii husikika kila siku maofisini, sokoni na hata vyuoni, na hakuna achekaye. Basi anayechekwa ni yule aliyeitunza sarufi na kukosa sauti moja. Anayepita bila kuguswa ni yule aliyeitunza sauti na kuivunja sarufi. Ikiwa kweli kilio ni cha uharibifu wa lugha, kimeelekezwa siko. Wahenga walisema nyani haoni kundule, huona la mwenziwe.

Nani Asiye na Lafudhi?

Hoja ya kwamba kila kabila huchekwa sawasawa inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Ni kweli kwamba majina ya wahusika yanatoka pande nyingi: Ojwang', Makokha, Ondiek Nyuka Kwota, Masanduku arap Simiti. Jina peke yake humwambia mtazamaji atarajie matamshi gani kabla mhusika hajafungua kinywa. Katika mgawanyo huu hakuna jamii moja iliyobebeshwa mzigo wote, na kwa hilo waandishi wa michezo wanastahili kusifiwa.

Lakini pana mgawanyo wa pili ambao hautajwi. Katika "Vioja Mahakamani", hakimu na kiongozi wa mashtaka husema Kiswahili kilicho karibu na sanifu. Lafudhi nzito huwekwa kizimbani, kwa mshtakiwa, na mara nyingine kwa shahidi. Utaratibu huu ukirudiwa juma baada ya juma, kwa muda wa miaka mingi, huwa funzo hata kama hakuna aliyekusudia kufunza: mwenye kuhukumu hana lafudhi, na mwenye lafudhi ndiye ahukumiwaye. Makabila yamechekwa kwa usawa, lakini yamechekwa kutoka juu.

Kwamba mafunzo ya namna hii huzama ndani ya nafsi za watu ni jambo lililochunguzwa kwingineko. Mwaka 1960 Wallace Lambert na wenziwe walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Montreal, Kanada. Wasemaji waliozimudu lugha mbili walirekodiwa wakisoma maneno yaleyale, mara kwa Kiingereza na mara kwa Kifaransa. Wasikilizaji, ambao hawakujua kwamba walikuwa wakimsikia mtu yuleyule mara mbili, waliombwa wazipime tabia za kila msemaji. Kwa sifa nyingi, sauti za Kiingereza zilipewa daraja ya juu. Wasikilizaji ambao lugha yao yenyewe ni Kifaransa nao walizishusha sauti za Kifaransa. Maana ya matokeo haya ni kwamba mtu aweza kujifunza kuidharau sauti ya kwao bila ya kufundishwa na yeyote waziwazi.

Hapa ndipo madhara yanapoweza kupatikana. Tangu mwaka 1985, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa, Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Kizazi kizima kikajifunza kuandika Kiswahili darasani na kukicheka kikitamkwa na watu wa nyumbani kwao. Mwanafunzi anayejua kwamba "sh" yake itazua kicheko hujifunza kunyamaza. Aweza kupata alama nzuri katika insha, na asisimame katika baraza la kijijini kuuliza swali kuhusu ardhi ya babake. Kunyamaza huko ni hasara kubwa kwa lugha ya taifa kuliko "samba" mia moja.

Mahakama Isiyokuwako

Pamoja na hayo, michezo hii, hasa "Vioja Mahakamani", ina sifa moja kubwa ambayo hata mashabiki wake hawaitaji. Wasemao kwamba ni kioo cha jamii wamesahau jinsi mahakama za Kenya zilivyo. Kwa mujibu wa kifungu cha 198 cha sheria inayoongoza uendeshaji wa kesi za jinai, lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kwa desturi, hata katika mahakama hizo za chini, Kiingereza ndicho kilichotawala kumbukumbu na hukumu, na mshtakiwa mara nyingi ameisikia kesi yake kupitia kinywa cha mkalimani. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ikampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo. Haki hiyo ni njema, lakini kuwapo kwake ni ushahidi kwamba lugha ya mahakama na lugha ya mshtakiwa aghalabu ni mbili.

Katika "Vioja Mahakamani" hakuna umbali huo. Shtaka husomwa kwa Kiswahili, ushahidi hutolewa kwa Kiswahili, na hukumu hutamkwa kwa Kiswahili. Mshtakiwa humwelewa hakimu moja kwa moja, na ndiyo sababu aweza kumjibu, kumzungusha na kumchosha, kama Abunuwasi mbele ya sultani. Kioja chenyewe hakiwezekani bila lugha ya pamoja, kwani mzaha hauvumilii kusubiri mkalimani. Basi mchezo huu haukuiakisi mahakama iliyokuwako. Ulionyesha mahakama ambayo Wakenya walikuwa hawajapewa, na ukaionyesha inafanya kazi: hoja zinajengwa, sheria inaelezwa, uamuzi unatolewa, wala lugha haipungukiwi. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Nchini Kenya jambo hilo lilikuwa limekwisha kuigizwa mbele ya taifa zima kwa miongo kadhaa, na taifa likacheka bila kuona kwamba limeonyeshwa jambo liwezekanalo.

Hitimisho

Imeonekana kwamba shutuma ya kuharibu lugha haiwezi kusimama, kwa kuwa lafudhi za michezo hii zina kanuni na huiacha sarufi bila dosari. Na kwamba sifa ya kuwa kioo cha taifa haitoshi, kwa kuwa kioo hicho kimewagawia lafudhi washtakiwa na kumnyima hakimu. Waigizaji wenyewe, kwa usikivu wao, wamewaachia wanaisimu hazina ambayo bado haijatumiwa ipasavyo. Vipindi vilivyohifadhiwa vyafaa kunakiliwa kwa maandishi na kutumiwa kufundishia fonolojia linganishi, mahali pa mifano ya kubuni iliyojaa vitabuni.

Zaidi ya hayo, jaribio la Montreal laweza kufanywa hapa nyumbani bila gharama kubwa. Ichukuliwe kesi moja fupi ya mchezoni, iigizwe mara mbili na waigizaji walewale: mara ya kwanza lafudhi iwe kizimbani na usanifu uwe kwenye kiti cha hukumu, mara ya pili mambo yageuzwe. Kisha makundi mawili ya wanafunzi yaulizwe ni nani mwerevu, ni nani mwaminifu, na ni nani astahiliye kuhukumu. Majibu yao yataonyesha ni kwa kiasi gani kicheko cha miaka mingi kimekuwa somo, na yatawapa walimu wa Kiswahili mahali pa kuanzia kulirekebisha.