Fahamu: Kwa nini simu ya zamani huwa nzito au kuzima ghafla

Simu janja huchoshwa hasa na mambo mawili: betri iliyochakaa, na programu mpya zinazodai nguvu nyingi kuliko ilizo nazo.

Betri

Kwa mujibu wa Apple, betri ya iPhone 14 na za kabla yake imeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Ukifungua kamera au ramani, simu huhitaji umeme mwingi kwa mkupuo. Betri iliyochoka hushindwa kuutoa, na simu huzima hata kama kioo kinaonyesha asilimia 30.

Sasisho

Mwaka 2017 Apple ilikiri kwamba sasisho lake lilipunguza kasi ya iPhone zenye betri chakavu ili zisizime. Kuwaficha wateja jambo hilo kulikuwa kosa. Kwa kosa hilo, mwaka 2020 Ufaransa iliitoza Apple faini ya euro milioni 25. Betri mpya ilirudisha kasi.

Mara

Mkoani Mara, Tanzania, simu kuzima ghafla si usumbufu tu. Shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba salama Mugumu, wilayani Serengeti, lina wawakilishi vijijini wanaotumia simu janja kuripoti wasichana walio hatarini kukeketwa. Ramani za kidijitali husaidia kuwafikia. Desemba, msimu wa ukeketaji Serengeti na Tarime, simu ikizima njiani msichana anaweza kuchelewa kuokolewa.

La kufanya

Usiruke masasisho ya usalama. Futa video usizohitaji ili kuacha nafasi kwenye simu. Kabla ya kununua simu nyingine, muulize fundi bei ya betri. Betri iliyovimba usiichaji tena.