Kwa nini lugha ya michezo ya video ya Japani huwatatiza wachezaji

VIJANA wanaofurika katika vibanda vya michezo ya video mitaani Kibera na Kawangware, Nairobi, hulipia muda au mechi wanazocheza. Kwao, neno lisiloeleweka kwenye skrini si kichekesho tu. Anayechagua timu asiyoikusudia hupoteza pesa zake kabla ya kipenga kupulizwa.

Mfano ni kandanda ya Pro Evolution Soccer, iliyotungwa na kampuni ya Konami ya Japani. Katika toleo la sita, lililotoka mwaka wa 2006, aliyeitafuta Chelsea aliikuta kwa jina la “London FC”. Liverpool iliitwa “Merseyside Red”, nayo Manchester City ikawa “Man Blue”.

Majina hayo hayakutokana na tafsiri mbovu. Konami haikuwa na leseni ya kuyatumia majina halisi ya klabu hizo, hivyo ikabuni mengine.

Hata hivyo, yapo maajabu mengine ambayo chanzo chake ni tafsiri hasa. Mashuhuri zaidi ni sentensi ya Zero Wing, mchezo wa kampuni ya Toaplan, katika nakala iliyouzwa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1990: “All your base are belong to us”. Adui alikusudia kusema kwamba ameziteka ngome zote. Kwa sikio la Mwingereza, ni kama kusikia “ngome yako zote ziko ni yetu”.

Kijapani aghalabu hakibainishi umoja na wingi, na mtenda huweza kuachwa bila kutajwa. Mfasiri hulazimika kukisia.

Sauti nazo huchangia. Ghosts 'n Goblins ilimpongeza mshindi kwa neno “Congraturation”, kwa kuwa Kijapani hakitofautishi L na R. Jambo hilo si geni Kawangware, ambako wapo wakazi wengi wanaozungumza Kikuyu, lugha isiyo na sauti ya L.

Maandishi pia hupotosha. Katika Street Fighter II ya mwaka wa 1991, mpiganaji Ryu alimaanisha kwamba asiyeweza kulishinda pigo lake la joka lipaalo hana matumaini. Mfasiri alizisoma herufi za pigo hilo kama jina la mtu, Sheng Long. Wachezaji wakamtafuta bingwa ambaye hakuwamo mchezoni.

Isitoshe, mazingira ya kazi yalikuwa magumu. Ted Woolsey, aliyefasiri Final Fantasy VI mwaka wa 1994, alipewa takriban siku 30 pekee, huku nafasi ya maandishi ikiwa finyu.

Funzo hilo lawahusu pia wanaofasiri programu za simu na kompyuta kwa Kiswahili. Mara nyingi mfasiri hupokea orodha ya maneno yasiyo na muktadha. Akikutana na “new”, aandike mpya, kipya au jipya? Ngeli haijulikani hadi nomino ionekane. Vivyo hivyo, “save” huweza kuwa hifadhi au okoa.

Mfasiri akionyeshwa skrini nzima, hatabahatisha. Akinyimwa, atakayeumia ni kijana wa Kibera, ambaye kwa kubonyeza neno asilolielewa hufuta mchezo alioulipia.