Gari ya umeme mpaka Salalah: pigeni hesabu kwanza

Khareef ikikaribia, kila nyumba hapa Muscat mazungumzo ni Salalah tu. Safari ni kama kilomita 1,000, na gari nyingi za umeme haziimalizi kwa chaji moja. Tena zile kilomita mlizoambiwa dukani hupungua njiani, kwani mwendo wa kasi na kiyoyozi vyote vinakula betri. Chaji ikiisha jangwani karibu na Haima, kiyoyozi nacho kinazimika, na watoto wamo ndani. Basi kabla ya kuondoka, ulizieni vituo vya kuchajia vilivyo njiani: vinafanya kazi? Plagi yake inaingia kwenye gari yenu? Chajini mapema, msingoje taa iwake. Na maji ya kutosha msisahau. Jangwani hakuna jirani wa kumwazima umeme.