"Dirisha" au "Shehena"? Istilahi za Kupeleka Mafaili kwa Kompyuta

Mfasiri wa miongozo ya kompyuta aghalabu hukutana na agizo la kuongeza "dirisha" ili mafaili yafike upesi. Karani wa Muleba akilisoma, atapanua dirisha la kioo cha kompyuta yake, na faili litaendelea kwenda polepole kama kwanza. Kosa si la karani; ni la istilahi.

Itifaki, neno tulilolizoea katika mambo ya kibalozi, hapa ni kanuni zinazofuatwa na kompyuta mbili zinapopelekeana habari. Tumfikirie mfanyabiashara wa dagaa katika kisiwa cha Bumbire, wilayani Muleba. Hupeleka magunia ng'ambo, lakini hakubali yazidi kumi yasiyoletewa stakabadhi. Hata mitumbwi ikiwa mingi, hana budi kungoja. "Dirisha" ndiyo yale magunia kumi.

Itifaki iliyotolewa mwaka 1981 iliweka kikomo cha baiti 65,535. Kwa setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, stakabadhi huweza kuchukua sekunde 0.6 kurudi. Basi kila sekunde hazipiti baiti 110,000, hata njia iwe pana namna gani. Faili la baiti 10,000,000 kutoka Bukoba litachukua dakika moja na nusu.

Kiasi kifaacho hupatikana kwa kuzidisha kasi ya njia kwa muda wa stakabadhi. Njia ya biti 10,000,000 kwa sekunde, kwa muda huo wa 0.6, yahitaji baiti 750,000. Nyongeza ya mwaka 1992 iliruhusu kikomo kivukwe, na kompyuta nyingi za leo hujirekebisha zenyewe. Kwa nyaya za mkongo stakabadhi hurudi upesi zaidi, na kiasi kidogo hutosha. Kwa hiyo yafaa muda upimwe kwanza, ndipo kipimo kibadilishwe. Kuzidisha kupita kiasi hakuongezi kasi.

Tunapendekeza:

1. Shehena ya njiani: kiasi cha habari kinachoruhusiwa kupelekwa kabla ya stakabadhi kurudi.

2. Muda wa stakabadhi: muda tangu habari kupelekwa hadi stakabadhi yake kupokewa.

3. Dirisha: libaki kwa maana ya sehemu ya kioo peke yake.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayajaribu maneno haya kazini, kisha watuandikie maoni yao.