Je, Wajua? Baiskeli ya kushuka mlima hupunguzwaje uzito

Je, wajua kwamba baiskeli za mashindano ya kushuka mlima hazikuwekewa kima cha chini cha uzito? UCI, chama cha kimataifa cha mchezo huo, hukataza za mbio za barabarani zisipungue kilo 6.8, lakini hizi za milimani fundi huachiwa akili yake. Nyingi huwa na kilo 15 hadi 18. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwapo zilizopita 20.

Pa kuanzia ni magurudumu. Kila jiwe huyarusha juu, na gurudumu zito huchelewa kurudi ardhini, tairi likakosa mshiko. Ndiyo maana mafundi hutoa tyubu kabisa, wakamimina ndani ya tairi majimaji ya kuziba matundu. Kisha huja springi ya shokapu. Ya chuma huondolewa ikawekwa ya titani, kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.8 hivi, ya titani 4.5. Ila bei yake haishikiki! Wengine huamua kutumia shokapu ya hewa, isiyo na springi.

Tairi jembamba ndilo kosa la wabahili wa gramu: likigonga mwamba linachanika, na mbio zimekwisha.

Na mnyororo? Mwaka 2015 huko Leogang, Austria, Mmarekani Aaron Gwin alikatikiwa na mnyororo mwanzoni tu mwa mbio za Kombe la Dunia. Akashuka hivyohivyo, akashinda.