Data kubwa, ordinateri ndogo

Wandugu, hapa Luberizi ordinateri yangu ya zamani iliganda mara tatu. Nilikuwa nafungua katika programu ya Athena fishie moja ya vipimo vya eksirei vya udongo wenye chuma: mistari maelfu. Rafiki akasema: "Bakiza mstari mmoja kwa kila 16, ingine futa."

Hapana! Kila mstari ni kipimo. Athena inaweza kuvipanga upya: karibu na 7112 eV, pale chuma kinapoanza kunyonya eksirei kwa nguvu, hatua ya 0.5 eV, kabla ya hapo, 10 eV. Vipimo vya kila hatua vinapigwa wastani. Wastani wa vipimo 16 unashusha kelele hadi robo. Kufuta kunaiacha vilevile.

Fishie ya kwanza usiiguse. Tunza kopi.