Kuvuta trela ya farasi na mifugo: uzito unaoruhusiwa na leseni inayohitajika

Trela ya farasi wawili ikiwa tupu huvutwa bila shida na pikapu ya kawaida, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Mwenye gari huijaribu kutoka Nanyuki mjini hadi shambani, huona gari halilalamiki, kisha huamua kwamba itafaa kwa safari ya Jumamosi. Wakishapakiwa farasi wawili waliokomaa, trela hiyo hiyo huwa imeongezewa tani nzima. Tena ni mzigo wenye miguu. Husogea, huegemea upande mmoja, na huyumba mbele dereva anapokanyaga breki ghafla.

Laikipia ni kaunti ya mifugo. Farasi husafirishwa kwenda mashindanoni na kwa daktari, fahali wa Boran hununuliwa ranchi moja na kupelekwa nyingine, na ng'ombe wa maziwa huhamishwa kutoka Nyahururu hadi kaunti jirani. Yaliyoelezwa hapa yanahusu trela inayovutwa na gari dogo au pikapu, awe ndani farasi, ng'ombe au punda. Wenye malori wana kanuni zao, ingawa baadhi zinagusa pande zote mbili.

Kwanza ni nambari. Gari halina kipimo kimoja cha uzito bali kadhaa, na kila kimoja kinajitegemea. Kuna uzito mtupu, yaani gari au trela bila mzigo. Kuna uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari, ambao hujumlisha gari lenyewe, watu, mafuta na mizigo. Trela nayo ina uzito wake wa juu, wanyama wakiwamo. Halafu kuna uzito ambao gari limeruhusiwa kuvuta, na mara nyingi hutajwa kwa namna mbili: trela yenye breki zake na trela isiyo na breki. Tofauti ni kubwa. Gari linaloruhusiwa kuvuta kilo 2,500 zenye breki huenda lisiruhusiwe kuvuta zaidi ya kilo 750 zisizo na breki. Mwisho kuna uzito wa jumla wa gari na trela kwa pamoja, na huu ndio unaosahaulika kuliko yote.

Nambari hizi hupatikana kwenye kibati kilichopigwa na mtengenezaji, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti, na katika kitabu cha maelezo ya gari. Uzito mtupu huandikwa pia kwenye logbuku, na malori na pikapu nyingi za biashara huwa umepakwa rangi ubavuni. Trela iliyotoka kiwandani huwa na kibati chake karibu na mkono wa kuvutia. Trela iliyochomelewa na fundi wa jua kali mara nyingi haina, na mwenyewe hawezi kukisia kwa macho. Ya namna hiyo haina nguvu kupita sehemu yake iliyo dhaifu zaidi: ekseli, springi, matairi au kiungo cha kuvutia. Ekseli ikiwa ya tani moja na nusu, mabomba mazito ya ubavuni hayaiongezei hata kilo moja. Yanaipunguzia, kwa sababu nayo yana uzito.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua mfano wa trela yenye uzito mtupu wa kilo 950 na uzito wa juu wa kilo 2,000. Pikapu inayoivuta ina uzito mtupu wa kilo 1,900, uzito wa juu wa kilo 2,800, inaruhusiwa kuvuta kilo 2,500, na jumla yake pamoja na trela isizidi kilo 4,500. Ndani ya trela wanaingia farasi wawili wa kilo 500 kila mmoja, matandiko ya kilo 30, marobota mawili ya nyasi yenye kilo 30 na maji lita 40, ambayo ni kilo 40. Trela sasa ina kilo 2,050. Dereva anayeangalia nambari moja tu, ile ya 2,500, ataona bado ana nafasi ya kilo 450. Kumbe trela yenyewe imezidi kibati chake kwa kilo 50.

Upande wa gari, dereva na wenzake wawili ni kilo 210, mafuta ni kilo 60, na nyuma kuna mifuko sita ya chakula cha mifugo ya kilo 70, jumla kilo 420. Pikapu imefika kilo 2,590. Mkono wa trela ukikandamiza nyuma ya gari kwa kilo 150, inakuwa 2,740, bado chini ya 2,800. Lakini gari na trela kwa pamoja ni kilo 4,640, na kikomo ni 4,500. Kwa hiyo nambari mbili zinatosheka na mbili zimevunjwa, na hakuna springi iliyolala wala tairi lililobonyea kumwonya mtu.

Dawa yake ni ya dakika kumi. Mifuko mitatu inabaki ghalani, na matandiko pamoja na nyasi yanahamishiwa kwenye pikapu. Trela inarudi hadi kilo 1,990, jumla ya vyote inakuwa 4,430. Kuhamisha vitu kutoka trela kwenda kwenye gari huisaidia trela, lakini hakupunguzi ile jumla. Jumla hupungua tu kwa kuacha kitu nyumbani.

Uzito wa mnyama nao haupaswi kukisiwa. Ng'ombe wa Friesian aliyekomaa hupita kilo 500, na farasi mkubwa hukaribia 600. Pasipo mizani, uzito wa farasi unaweza kukadiriwa kwa utepe wa fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kwa sentimita, uuzidishe kwa wenyewe. Zidisha tena kwa urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, kisha gawanya kwa 11,880. Farasi mwenye kifua cha sentimita 180 na urefu wa 160 hutoa takriban kilo 436. Ni makadirio, ila ni bora kuliko neno la muuzaji. Njia ya uhakika zaidi ni kupima gari na trela, wanyama wakiwa ndani, kwenye mizani ya magari. Baadhi ya maghala ya nafaka na viwanda huwa nayo na hupima kwa ada.

Kilo zikishatosha, swali linalofuata ni zimekaa wapi. Mkono wa trela unapaswa kukandamiza gari, lakini kwa kiasi. Watengenezaji hutofautiana, wengi hutaka kati ya asilimia 5 na 15 ya uzito wa trela, na kila gari lina kikomo chake. Ukandamizaji ukiwa mdogo mno, kwa mfano mzigo umerundikwa nyuma ya ekseli, trela huanza kutikisika mkia kama nyoka, na mtikisiko huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Dereva wa gari hilo asikanyage breki kwa nguvu wala asijaribu kuukimbia mtikisiko kwa kuongeza mafuta. Aachie mafuta, ashike usukani bila kuupigisha huku na huku, gari lipungue mwendo lenyewe. Ukandamizaji ukizidi, magurudumu ya mbele ya gari hupungukiwa na uzito, na usukani na breki hupoteza nguvu.

Anaposafirishwa farasi mmoja katika trela ya wawili, awekwe upande wa kulia. Kenya magari huenda kushoto, na barabara huinama kuelekea ukingoni, kwa hiyo mzigo ulioko kushoto huivuta trela mtaroni. Kwa sababu hiyo hiyo, wakiwa wawili wasiolingana, mzito akae kulia.

Barabara za huku zina mambo yake. Nyahururu iko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Gari lililovuta vizuri Mombasa huwa limebaki na takriban nne ya tano ya nguvu hizo likifika Nyahururu. Lakini kupanda si hatari kubwa. Hatari ni kushuka. Katika mteremko wa kutoka Nyahururu kuelekea Subukia, dereva anayetegemea breki peke yake huzichemsha hadi zisishike. Gia ya chini ichaguliwe kabla mteremko haujaanza. Ikumbukwe pia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka mara nne, na trela isiyo na breki huiachia gari kazi hiyo yote.

Kuhusu leseni, wakazi wengi bado wanazungumza juu ya BCE, lakini mfumo huo ulibadilishwa na kanuni za leseni za mwaka wa 2020. Sasa kundi A ni la pikipiki na magari ya magurudumu matatu, B ni la magari madogo, C ni la malori, D ni la magari ya abiria, na G ni la trekta na mitambo. Ndani ya C kuna CE, ambalo ni la lori zito lenye trela. Anayekokota trela ya ng'ombe kwa trekta barabarani hawezi basi kujitetea kwa leseni ya gari dogo, na mwenye leseni ya gari dogo haruhusiwi kuendesha lori la mifugo hata likiwa tupu. Makundi aliyonayo mtu yameandikwa kwenye kadi yake, na yanaweza kuthibitishwa katika akaunti ya NTSA kupitia eCitizen. Mwenye pikapu na trela nzito awaulize NTSA kabla ya safari, akiwa na nambari za vibati mkononi. Jibu hutegemea uzito ambao chombo kimeruhusiwa kubeba.

Trela husajiliwa kama chombo kinachojitegemea na hupewa nambari zake zinazoanza na herufi Z. Kubandika nambari za gari nyuma ya trela ambayo haijasajiliwa hakuifanyi iwe halali. Bima nayo isomwe. Bima ya gari haimlindi mnyama aliye ndani ya trela kwa sababu tu mwenye gari amelipa, na kampuni inayogundua kwamba uzito ulizidi, au kwamba dereva hakuwa na leseni ya chombo hicho, hupata sababu ya kukataa fidia. Fahali mmoja wa mbegu nzuri anaweza kuwa karo ya mtoto ya miaka miwili.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inahusu chombo chenye uzito wa jumla wa kilo 3,500 au zaidi. Pikapu na trela katika mfano wa hapo juu zimepita kiasi hicho, kwa hiyo dereva asidhani vituo vya mizani vya KeNHA, kama kile cha Gilgil, ni vya malori makubwa pekee. Alama za barabarani na maagizo ya maafisa yafuatwe.

Mifugo wanaosafirishwa huhitaji pia kibali kutoka kwa daktari wa mifugo wa kaunti ndogo, kinachoonyesha wanakotoka, wanakokwenda na idadi yao. Kunapokuwa na karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, kibali hakitolewi kwa eneo husika. Inafaa kuulizia siku kadhaa kabla, si asubuhi ya safari.

Kabla ya kupakia, trela ambayo imekaa miezi inahitaji macho ya mtu mvumilivu. Mkojo wa farasi huozesha mbao za sakafu kuanzia chini, na mguu wa farasi ukipenya sakafu trela ikiwa mwendoni, mnyama huyo haponi. Inua mkeka wa mpira, choma mbao kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, ubao ubadilishwe. Matairi huzeeka hata bila kwenda safari. Tarakimu nne za mwisho za nambari iliyopigwa ubavuni mwa tairi huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 3517 ni wiki ya 35 ya 2017. Kichwa cha kuvutia na tufe lake viwe vya kipimo kimoja: kichwa cha milimita 50 juu ya tufe la inchi moja na saba kwa nane huonekana kimeshika, kisha huchomoka kwenye tuta la kwanza. Mnyororo wa usalama ufungwe kwa kupishana chini ya mkono wa trela, na mtu mmoja asimame nyuma mwingine akijaribu taa za breki na za kukata kona.

Baada ya kilomita kama 15, dereva asimame mahali salama, aguse kitovu cha kila gurudumu la trela kwa nyuma ya kiganja. Kilicho moto kuliko vingine kina beringi au breki yenye kasoro, na hapo safari ingoje fundi, wanyama wakipewa maji kivulini.